Hariri ya Bibi Sanduku na Tangazo la Panya

Tulipoachana, pasi ilikuwa inafuka moshi, pini sita zilikuwa zimemwanguka Fundi Pini mdomoni kwa mshtuko, na mlango ulikuwa unagongwa.

Bado unagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda ulikusudia kufungia viatu, sogea nikueleze upesi kabla mlango haujang'oka.

Fundi Pini ni fundi cherehani, miaka thelathini kazini, mwanamke anayeongea na pini mdomoni vizuri kuliko wengi wanavyoongea bila kitu. Mumewe, Mzee Pasi, kazi yake ni moja tu. Mke anashona, mume ananyoosha. Duka lao lina vyumba viwili, cha mbele cha wateja na cha nyuma cha kazi, katikati pazia.

Mezani kuna gauni la harusi la Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ajifunze kusema hajanyamaza. Anaolewa leo saa nane mchana. Sasa hivi ni saa nne asubuhi.

Na kitambaa? Hapo ndipo penye shughuli. Kitambaa ni hariri halisi, nyeupe, na mwenyewe ni bibi yake Chiriku, tunayemwita Bibi Sanduku, aliyeikalia kwa miaka hamsini. Sitanii. Hariri ilikuwa ndani ya sanduku, na yeye hukaa juu ya sanduku. Macho yake siku hizi ni ya kuazima, hayaoni, lakini vidole na masikio bado ni vya binti. Alipomkabidhi fundi kitambaa hicho alisema, "Mjukuu wangu ataolewa ndani ya hariri hii, au mimi harusini sionekani. Na hii ni nusu. Nusu ya pili usiniulize."

Fundi Pini hakuuliza. Aliapa kwa cherehani yake kwamba hariri ile itatoka salama.

Sasa, hariri, kama hujawahi kuishika, ina tabia za samaki aliyetoka majini sasa hivi. Ukiiweka mezani, inaelekea sakafuni. Ndiyo maana mafundi huitandikia karatasi ikatulia. Karatasi nyeupe, safi, na hiyo ndiyo sheria ya duka. Asubuhi hii karatasi nyeupe iliisha, na Mzee Pasi akatandika gazeti.

Gazeti lenyewe ni hili hili.

Na kwa kuwa hariri ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kusoma kupitia kwake, mzee alikuwa anapiga pasi huku anafuata hadithi. Akafika pale patamu. Mkono wa pasi ukasimama. Akanyunyiza maji bila kutazama, akakandamiza, akasoma mpaka nukta ya mwisho.

Wasomaji wangu, nimebeba lawama nyingi katika kazi hii, lakini hiyo siipokei. Mimi huandika hadithi zisomwe kwenye kiti.

Mzee alipoinua gauni, nyuma yake, kuanzia kiunoni kushuka mpaka pale tunapokalia, palikuwa na maandishi meusi yenye ukubwa wa vidole. Kando ya hadithi yangu kulikuwa na tangazo. Sikuliweka mimi.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Fundi! Saa nne na dakika saba!"

Sauti hiyo ni ya Shangazi Saa, dada yake baba wa bibi harusi, mwanamke anayevaa saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu haiamini hata moja.

"Fungua," Mzee Pasi alinong'ona.

"Fungua wewe! Wewe ndiye uliyekuwa unasoma!"

"Nilikuwa nanyoosha."

"Ulikuwa unasoma kwa pasi, baba watoto. Miaka thelathini nimeolewa na wewe, hujawahi kunyoosha shati bila kujua mpira uliishaje."

Mlango ukafunguka wenyewe. Aliingia Shangazi Saa, nyuma yake Chiriku akiongea, na nyuma yao wabebaji wawili wamebeba sanduku, Bibi Sanduku akilifuata kwa fimbo. Sanduku likatuliwa chumba cha mbele. Bibi akaketi juu yake, wabebaji wakaenda zao.

"Nimekuja kumsikia mjukuu wangu akitembea," alisema Bibi.

"Kumwona, mama," alisema Shangazi Saa.

"Kumsikia. Hariri ya kweli hunong'ona mtu akitembea. Nimengoja miaka hamsini inong'one."

Fundi Pini alimvuta Chiriku nyuma ya pazia, Shangazi Saa akajipenyeza naye bila kukaribishwa.

"Vaa, mwanangu," alisema Fundi Pini. "Ila utazame mbele. Mbele tu. Maisha ni mbele."

Mbele gauni lilikuwa safi. Mbele lilikuwa zuri ajabu, niseme haki ya Mungu. Fundi Pini alikuwa amelikata kwa mshazari, pembe kwa pembe ya kitambaa, ndiyo maana lilimfuata Chiriku mwilini bila kumbana, likishuka kama maziwa yanavyomiminwa. Chiriku alijitazama, akaacha kuongea kwa muda wa pumzi moja.

"Fundi! Ni mimi huyu? Mchumba wangu akiniona atacheka kwa furaha, na akicheka masikio yake yanacheza, shangazi umewahi kuyaona? Yanapanda, yanashuka, yenyewe, hayashikwi, masikio makubwa vile kama vipini vya sufuria, ndicho kilichonifanya nimpende, nilimwambia..."

"Geuka," alisema Shangazi Saa.

"Hakuna haja," alisema Fundi Pini.

"Geuka!"

Chiriku akageuka.

Shangazi Saa aliinama. Alivaa miwani. Alivua miwani. Maandishi yale, kwa kuwa yaligandamizwa kutoka gazetini, yalikuwa yamekaa kinyumenyume, na hakuna mtu anayesoma kinyumenyume.

"Fundi. Hivi ni vitu gani vyeusi?"

Fundi Pini alijaza pini mdomoni ili asiulizwe. Hapo ndipo Mzee Pasi, ambaye kwa kawaida huongea mara mbili kwa siku, alipojitosa.

"Nakshi," alisema.

"Nakshi?"

"Ya kale. Kutoka Uchina. Shangazi, unajua hariri ilivyoanza? Wachina husimulia kwamba mke wa mfalme wao alikuwa anakunywa chai chini ya mforosadi, mti ambao viwavi hula majani yake. Kifukofuko cha kiwavi, nyumba anayojisukia, kikadondoka puu! ndani ya kikombe. Akakivuta, kikafumuka uzi. Akavuta, akavuta, uzi hauishi. Kifukofuko kimoja kina uzi wa kuzunguka mtaa huu wote."

"Na chai?"

"Chai ilipoa. Wakaitunza siri ile mamia ya miaka. Kutoa mayai ya kiwavi nje ya nchi ilikuwa kujitafutia kifo. Mwishowe inasemekana yalitoka kwa watawa wawili walioyaficha ndani ya fimbo zilizotobolewa. Wafalme wa kila upande walikuwa wanalilia nguo hii. Imeshonewa mashati ya wapiganaji, miavuli ya kurukia kutoka ndege, hata madaktari wameshonea vidonda kwa uzi wake. Sasa kitu kilichosafiri hivyo, Shangazi, kitakosa maandishi mgongoni?"

Fundi Pini alimtazama mumewe kwa mshangao na mapenzi ambayo hayakuwa yameonekana dukani humo tangu wanunue cherehani ya umeme.

Shangazi Saa alikuwa ameguswa. "Kumbe. Na mimi mniwekee kwenye blauzi yangu. Herufi ndogo, nina umri."

Wangepona. Naapa wangepona. Lakini Chiriku alikuwa bibi harusi, na bibi harusi gani atasikia kuna nakshi mgongoni asiitazame? Akausogeza mgongo wake kwenye kioo kikubwa, akageuza shingo.

Na kioo, kama mjuavyo, hugeuza kila kitu. Kilichokaa kinyume kikakaa sawa.

"PANYA," Chiriku alisoma kwa sauti ya chini, "WAMEKUSHINDA? WAKIONJA MARA MOJA, HAWAAMKI TENA!"

"Na kuna picha," aliendelea kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba. "Panya amelala chali. Miguu juu. Fundi, amelala pale pale ninapokalia."

Shangazi Saa alitazama saa ya mkono wa kulia, kisha ya kushoto, kama mtu anayetafuta wakati ambao jambo hili halijatokea. Kisha akamgeukia Mzee Pasi.

"Watawa wawili!"

"Wale ni wa kweli," alisema Mzee Pasi, akijificha nyuma ya meza ya pasi. "Panya ndiye wa kwangu."

"Mnalia nini huko?" Bibi Sanduku aliita kutoka chumba cha mbele.

"Furaha, mama!" alijibu Shangazi Saa, kisha akashusha sauti. "Osheni."

"Wino wa gazeti ukiuosha unatambaa," alisema Fundi Pini. "Tutapata panya mkubwa zaidi. Na maji yenyewe yanaiachia hariri madoa."

"Geuzeni basi! Ndani iwe nje!"

Wazo halikuwa baya. Hariri hushonwa mara mbili, mshono ndani ya mshono, ili nyuzi zisichomoze, na Fundi Pini alikuwa ameshona hivyo kila mahali. Ndani palikuwa safi sawa na nje. Wakamvua Chiriku, wakaligeuza gauni, wakamvisha upya.

Walirudi nyuma hatua tatu watazame.

Hariri ni nyepesi, nilisema. Wino ulikuwa umepenya upande wa pili. Na kwa kuwa sasa kilichokuwa kinyume kilikuwa kimegeuzwa, hakuna aliyehitaji kioo tena. Mtoto wa darasa la kwanza angesoma lile tangazo akiwa ng'ambo ya barabara.

"Rudisheni!" alisema Chiriku.

Wakarudisha. Saa tano na robo.

"Kuna duka la nguo mkabala," alinong'ona Shangazi Saa. "Wana gauni jeupe la satini dirishani, linang'aa hata kuliko hili. Mama haoni. Chiriku atavaa la satini, mama atafurahi, na haya mengine tutazikwa nayo."

"Siwezi kumdanganya bibi," alisema Chiriku.

"Wewe unachoweza ni kunyamaza. Jaribu leo."

Fundi Pini alitaka kukataa. Alikumbuka vidole vya bibi kizee yule vikiipapasa hariri siku ya kukabidhi, taratibu, kama mtu anayemuaga mtoto anayekwenda bweni. Lakini mwenye hatia hana sauti. Akamfungulia mlango, na Shangazi Saa akakimbia.

Dakika kumi baadaye Chiriku alisimama mbele ya sanduku ndani ya satini ya dirishani. Inang'aa hadi inaumiza macho.

"Haya, mama. Huyo hapo, kapendeza!"

Bibi Sanduku aliinamisha kichwa upande mmoja. "Atembee."

Chiriku alitembea. Krr. Krr. Krr.

"Nguo gani hiyo inalia kama karatasi ya peremende?"

"Ni... upya, mama. Itazoea."

"Nipeni uzi mmoja. Na kiberiti."

Shangazi Saa alimtazama Fundi Pini. Fundi Pini alitazama sakafu. Maana mtu yeyote aliyewahi kukaa na kitambaa anajua mtihani huo. Hariri imetoka kwenye kiwavi, imetoka kwenye kiumbe, na ukiichoma inanuka nywele zilizoungua, kisha inabaki majivu yanayosagika kwa vidole. Kitu cha kiwandani hakiungui, kinayeyuka.

Bibi alipapasa pindo la gauni, akachomoa uzi mwenyewe, akauwasha. Uzi ulijikunja, ukawa kijipira cheusi kigumu, na duka likanuka kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni.

Bibi alikibinya kijipira kile kwa kucha.

"Mimi nilikuwa fundi kabla nyote hamjazaliwa," alisema taratibu. "Hariri yangu iko wapi?"

Chiriku alianza kulia. Shangazi Saa alianza, "Mama, saa hizi ni saa tano na..."

"Nimeuliza hariri, sijauliza saa."

Fundi Pini alipiga magoti mbele ya sanduku.

"Bibi, nimeiharibu. Nilikuapia, na nimeiharibu. Iko nyuma ya pazia, na imechapwa gazeti."

"Si yeye, ni mimi!" alipiga kelele Mzee Pasi. "Mimi ndiye niliyetandika gazeti chini ya pasi. Nilikuwa nasoma."

Bibi Sanduku aliganda.

"Umesema ulikuwa unasoma? Kupitia hariri?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukasahau mkono."

"Nikasahau mkono. Ilikuwa pale patamu."

Mabega ya Bibi yalianza kutikisika, na Fundi Pini akainua mikono amshike asianguke. Lakini uso ule haukuwa wa kilio wala wa kicheko, ulikuwa katikati, kama mtu aliyeguswa kidonda pale panapowasha.

"Limeandika nini?" aliuliza.

Chiriku akameza machozi, akasema neno kwa neno, na panya akamtaja, na miguu yake.

"Chali?"

"Chali, bibi."

"Mleteni alivae lile la hariri. Mvueni hilo la plastiki."

Wakamvisha hariri tena. Chiriku alitembea kutoka pazia hadi sandukuni, na safari hii nguo haikulia. Ilinong'ona. Hata Shangazi Saa aliisikia, akasahau kutazama mkono. Bibi Sanduku alifumba macho yake yasiyoona, na machozi mawili yakamshuka bila haraka.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema. "Sasa tufanyeje, fundi?"

"Bibi, mabaki niliyonayo yanatosha leso tu. Lau ningekuwa na ile nusu ya pili..." Fundi Pini alijiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Ningemshonea kipande cha kufunika nyuma. Nusu saa tu ingenitosha."

Bibi akafanya jambo ambalo Shangazi Saa, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kuliona maishani. Aliinuka kutoka juu ya sanduku, akalifungua.

Kutoka chini kabisa alitoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hariri nyeupe, bado laini. Fundi Pini aliipokea kwa mikono miwili, Mungu amesikia, akaikunjua mezani.

Katikati ya hariri ile kulikuwa na nyuso mbili. Nyeusi, zimefifia kidogo, zenye ukubwa wa sahani. Juu yake maandishi. Kinyumenyume.

"Bibi," Fundi Pini alinong'ona. "Na wewe?"

"Na mimi," alisema Bibi Sanduku. "Keti nikwambie, na asinikatize mtu. Sikuzaliwa mke wa babu yenu. Nilikuwa na mchumba mwingine. Hariri hii aliniletea yeye, kutoka safari, nijishonee gauni la harusi. Siku hizo kila Jumamosi gazeti lilichapa picha za wachumba, na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yetu. Nikatandika gazeti mezani hariri isiteleze. Nikakata, nikashona. Wakati wa kupiga pasi nilitakiwa kulitoa. Sikulitoa. Nilikuwa namtazama yeye kupitia kitambaa."

"Pale patamu," alisema Mzee Pasi kwa huzuni.

"Nikasahau mkono. Uso wake wote ukahamia tumboni kwangu. Nikasema si kitu, tunapendana, ataelewa. Nikalivaa, nikaenda kumwonyesha, nina machozi tayari. Mnajua alifanya nini?"

"Alikubembeleza?" aliuliza Chiriku.

"Alicheka! Alicheka mpaka akaketi chini. Alicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nikalivua, nikamtupia pete, nikaondoka na hariri yangu, nyumbani nikalifumua likarudi kuwa kitambaa. Nikaolewa na babu yenu ndani ya pamba. Mtu mwema. Hakuwahi kucheka kitu chochote."

Shangazi Saa alitikisa kichwa kukubali. Alimkumbuka baba yake vizuri.

"Basi," alisema Fundi Pini, akijaribu kuwa fundi, "nikikata pembeni mwa picha, sipati kipande cha kutosha. Cha kufunika panya ni hapa katikati tu. Penye... sura."

"Kwa hiyo nichague," alisema Bibi. "Mjukuu wangu avae panya au avae yule mwanaume."

"Ndiyo, bibi."

Bibi Sanduku hakuwaza hata kidogo.

"Vaa panya, mwanangu. Panya hajawahi kunivunja moyo."

Chiriku alimkumbatia akicheka na kulia kwa pamoja, na Bibi akamwekea kidole mdomoni.

"Lakini nisikilizeni nyote. Mimi nilidhani nilikasirika kwa ajili ya hariri. Miaka hamsini nimeikalia nikidhani hivyo. Si hariri, ni kile kicheko. Leo mjukuu wangu atapita mbele ya watu na tangazo mgongoni, na mimi nitamshika mkono. Atakayecheka, hata mmoja, narudi nyumbani na sanduku langu, na harusi hiyo itakwenda bila baraka yangu. Nimesema."

"Hakuna atakayecheka, mama," alisema Shangazi Saa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anakwepa kulitazama lile eneo tangu asubuhi. "Saa sita na nusu! Jitayarisheni. Saa saba anakuja babu yake bwana harusi na gari kutuchukua. Kafika jana kutoka mbali, hata mimi sijamwona bado. Wanamwita Babu Kofia. Haivui hata akilala, wanasema."

Chiriku, kwa udadisi wake wa siku zote, alikuwa ameinyanyua ile hariri ya zamani na kuisogeza kwenye kioo cha wateja kilichokuwa ukutani ili asome.

"WACHUMBA WA WIKI," alisoma. "Bibi, huyu ni wewe! Ulikuwa mrembo! Na huyu kijana... huyu kijana..."

Akanyamaza.

Fundi Pini aligeuka, maana Chiriku kunyamaza katikati ya sentensi si jambo dogo. Alimfuata macho hadi kwenye kioo. Kijana wa miaka hamsini iliyopita alikuwa anatabasamu kando ya Bibi Sanduku, amependeza, nywele zimechanwa. Na pande mbili za kichwa chake, yakitoka kama vipini vya sufuria, yalikuwa masikio ambayo Chiriku alitarajia kuolewa nayo saa nane.

"Kijana amefanyaje?" aliuliza Bibi kutoka kwenye sanduku.

"Ametulia, bibi," alisema Chiriku. Hata neno moja la ziada hakuongeza.

"Alikuwa na jambo moja yule mtu," Bibi aliendelea, akijifuta uso. "Akicheka, masikio yalikuwa yanacheza. Yanapanda, yanashuka. Nilikuwa nayapenda, mjinga mimi."

Fundi Pini aliikunja hariri haraka kuliko alivyowahi kukunja kitu. "Shangazi," alinong'ona, "huyo Babu Kofia usimlete humu. Mzuie njiani. Mpeleke moja kwa moja ukumbini. Mwambie gari limeharibika."

"Gari ni lake!"

"Mwambie lolote!"

"Lakini anakuja saa saba, bado dakika ishirini na..."

"Hodi!"

Wasomaji, kuna watu wanaofika mapema, na hakuna dawa yao.

Mlangoni alisimama mzee mrefu ndani ya suti iliyonyooka, ua kifuani, kofia kubwa imeshushwa mpaka imeyameza masikio yote mawili. Alitabasamu kwa adabu. Akawasalimu Shangazi Saa na Mzee Pasi, akamwona bibi kizee amekaa juu ya sanduku, akamwinamia kwa heshima bila kumjua, maana miaka hamsini si wiki mbili.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu mpya," alisema.

Bibi Sanduku aliinua kichwa kidogo. Alionekana kutafuta kitu katika sauti ile, kama mtu anayepapasa mfukoni.

Chiriku alichanganyikiwa. Alijua asiseme neno, akajua akimtazama mzee yule atasema kila neno, kwa hiyo akafanya alichoona ni salama. Akamgeuzia mgongo akimbilie nyuma ya pazia.

"Usigeuke!" alilia Fundi Pini.

Alikuwa ameshageuka. Tangazo lote likamkaa mzee mbele ya uso, maandishi, panya, na miguu yake minne juu, na pembeni, kwenye kioo cha wateja, kwa herufi zilizonyooka kabisa: WAKIONJA MARA MOJA, HAWAAMKI TENA.

Babu Kofia alisoma. Alibana midomo. Alishika ukingo wa mlango. Alikuwa mtu mzima, babu wa watu, siku ya harusi, na alijitahidi kweli, hilo tumpe. Hakutoa sauti hata kidogo.

Ila kofia ilianza kupanda. Ikashuka. Ikapanda tena.

Fundi Pini aliiona, Mzee Pasi akaiona, Shangazi Saa akaiona na saa zote mbili zikampotea akilini. Chumba kizima kilikuwa kimya, hakuna kilichosikika ila ukingo wa kofia unaosugua masikio, polepole, juu na chini.

Bibi Sanduku, asiyeona mtu aliye hatua mbili mbele yake ila husikia hariri ikinong'ona, aliikamata fimbo yake, akasimama juu ya miguu yake miwili.

"Nani huyo," aliuliza, "anayejizuia?"